Rehani Si Mauzo: Soma Karatasi Kabla ya Kukabidhi Hati ya Nyumba

Mkopeshaji akikusogezea karatasi ya ziada akisema "saini na hii, ni utaratibu tu", angalia kichwa chake. Kikisomeka Mkataba wa Mauziano, weka kalamu chini. Hapo huweki tena nyumba bondi, unaiuza.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, rehani ni dhamana na haihamishi umiliki. Ukichelewesha marejesho, mkopeshaji hawi mwenye nyumba. Anachopata ni haki ya kuiuza kwa utaratibu, kulipia gharama za mauzo, kuchukua deni lake na kukurudishia kinachobaki. Mkataba wa mauziano uliosainiwa bila tarehe unakunyang'anya ulinzi huo wote. Tuseme umekopa milioni 5 kwa kiwanja cha milioni 30. Siku ukikwama, mkopeshaji anajaza tarehe na kudai alinunua. Unaweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kueleza kwamba ule ulikuwa mkopo, lakini sahihi ni yako, na kama fedha zilipita mkononi bila maandishi utahangaika sana kuthibitisha. Kwa hiyo dai fedha zipite benki, na mkataba wa mkopo utaje kiasi, riba na tarehe za marejesho.

Rehani halali huanza na upekuzi kwa Msajili wa Hati, kuona jina lililosajiliwa, na kama kuna zuio au rehani ya zamani ambayo haijafutwa. Kodi ya ardhi iwe imelipwa. Mthamini aliyesajiliwa ataandika thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka. Mkopeshaji makini hupiga hesabu kwa hiyo ya pili, ambayo huwa ndogo, ndiyo maana nyumba ya milioni 80 haikupi mkopo wa milioni 80. Kisha hati ya rehani husainiwa mbele ya wakili, hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa. Kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachosema dhamana inabeba "madeni yote ya sasa na ya baadaye". Ukikiacha bila kuweka ukomo wa kiasi, mkopo wa nyongeza wa mwakani nao utaning'inia kwenye nyumba ileile.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke anayeishi humo, hata kama hati ina jina moja. Mwenye wake wawili wanaoishi nyumba hiyo alete ridhaa ya wote wawili. Kuapa kwamba huna mke ilhali unaye ni uongo chini ya kiapo, na kesi yake huwaumiza wote: mkopeshaji, familia na wewe mwenyewe.

Ukishindwa kulipa, dalali hatakiwi kugonga mlango kesho yake. Lazima kwanza upewe notisi ya maandishi inayoeleza kosa na kiasi unachodaiwa, kisha zipite siku 60 tangu uipokee. Mnada nao hutangazwa siku 14 kabla. Andika tarehe uliyopokea notisi na utunze bahasha yake. Katika muda huo bado unaweza kulipa deni lote na kuikomboa nyumba. Bei pia ina mipaka: ikiuzwa kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi ya bei ya nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo. Kwa nyumba ya milioni 80, hiyo ni milioni 60 kushuka chini. Lakini usisubiri nyundo igongwe. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria, na kumwondoa ni kazi ngumu kuliko kuzuia mnada.

Ukimaliza deni, kurudishiwa hati hakutoshi. Dai waraka wa kufuta rehani, uusajili kwa Msajili, kisha omba upekuzi mwingine uone daftari liko safi. Wanaoruka hatua hii huwaachia watoto wao mirathi yenye rehani ya mkopo uliokwisha lipwa.

Ofisini kwetu tunafanya upekuzi, tunasoma rasimu pamoja na mteja na kusajili rehani au kuifuta. Leta rasimu ikiwa bado haina sahihi, na uje na mwenzi wako.