Shukrani kwa mzee wa meza ya dirishani, Istanbul

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na ulipoondoka nilikuwa bado nimeinamia karatasi. Popote ulipo, asante sana.

Nilikuwa nafuatilia habari za Giuseppe Donizetti, kaka mkubwa wa Gaetano, yule mtunzi wa opera. Sultani Mahmud II alimleta Istanbul mwaka 1828 aongoze bendi ya kizungu ya ikulu, miaka 2 tu baada ya kuwavunja Majanisari, kikosi cha zamani cha askari wa masultani, pamoja na ngoma na zurna zao (zurna, ndugu wa damu wa zumari letu). Siku 3 nzima nilikuwa nazikodolea macho alama fulani, nikidhani ni michoro ya mtu aliyekosa kazi. Wewe ulitupa jicho mara moja, ukacheka, ukaniambia ni noti za Hamparsum, yaani alama za kuandikia muziki, zilizobuniwa na Mwarmenia. Donizetti ilibidi ajifunze hizo kwanza ndipo aweze kuwafundisha wanamuziki wa Sultani noti za Ulaya. Sura nzima ya utafiti wangu ikageuka palepale.

Halafu ile chai uliyoniagizia, mzee, sikuilipia. Deni lako ninalo.