Chupa moja inatuliza mikono yangu, nifanyeje?

Mshauri, salaam kutoka Igoma, Mwanza.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 46, nina mke na watoto wanne. Huu mwaka wa tano mikono yangu inatetemeka. Ikilala mapajani imetulia tuli, huwezi kujua. Kasheshe ni kuitumia. Nikipeleka uzi kwenye tundu la sindano unapita kushoto, unapita kulia, mpaka mteja anatazama pembeni. Siku hizi anayenitungia sindano ni binti yangu wa darasa la tano. Kabla hajaenda shule ananiachia sindano kumi kwenye kimto, kila moja na uzi wake. Kushona naweza, meza inanisaidia kushika kitambaa. Kazi ni kukata. Chaki ikicheza, mkasi unaifuata.

Mtaani wameshanihukumu: arosto ya pombe. Lakini marehemu baba alikuwa hivi hivi. Alikuwa akishona nyavu kule Kayenze, wenzake wakimtania kwamba yeye ameshuka mtumbwini, mawimbi bado hayajamshuka. Na baba alikuwa Msabato, pombe hakuionja maisha yake yote.

Februari nilikwenda hospitali. Daktari akanichoresha duara la kujiviringisha kama gamba la konokono, mstari ukatoka na meno kama msumeno. Akanitembeza, akanikunja viwiko, akapima damu kuangalia tezi ya shingo. Akasema si Parkinson. Hiyo kwa kawaida hutetemesha mkono uliotulia, huanzia upande mmoja, na mwili unakuwa mzito na mkakamavu. Wangu ni mtetemeko unaotembea kwenye ukoo. Hauui, hauponi, unapunguzwa tu. Dawa ya kwanza ni propranololi, ile ile wanayopewa watu wa presha, ila mimi nina pumu tangu utotoni na inaweza kunibana kifua. Tena salbutamoli ninayovuta nayo inaongeza kutetemeka. Hapo nilicheka mwenyewe. Ya pili ni primidoni, dawa ya kifafa kwa asili yake. Nimezunguka maduka matatu mjini sijaipata, na ameshanionya kwamba haiendi na pombe.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Desemba, kwenye harusi ya fundi mwenzangu, nilikunywa bia moja. Baada ya kama nusu saa nikamimina soda kwenye glasi, halikumwagika hata tone. Mshauri, niliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo, nikiwa na suti ya kukata, napitia chupa moja saa nne asubuhi. Ilianza mara moja kwa wiki. Januari, msimu wa sare za shule, ikawa kila siku, na siku nyingine mbili. Nilipomweleza daktari hakushangaa. Alisema pombe hutuliza mtetemeko wa aina hii kwa muda mfupi, ikiisha mwilini unarudi na nguvu zaidi, na watu huzamia humo humo.

Mke wangu ni mwanakwaya kanisani. Harufu ameisikia. Anaamini mtaa ulikuwa unasema kweli miaka yote hii, na mimi sina cha kumjibu, maana mwanzo haikuwa kweli.

Nimweleze yote kwa pamoja, chupa na ugonjwa? Au nimpeleke kwanza kwa daktari asikie kwa mtu mwingine, kabla sijaonekana natafuta kisingizio? Yupo kijana ninayemfundisha kazi, anakata vizuri, lakini wateja wanaufuata mkono wangu, na nikimwachia mkasi sijui nitabaki fundi wa nini. Rufaa ya hospitali ya Bugando ninayo mfukoni, sijaitumia.

Naomba unijibu mapema. Kwaya ya mke wangu imeleta vitambaa vya sare, watu 22, wanavitaka kabla ya makambi ya kanisa. Jumatatu natakiwa nianze kukata.

Fundi wa Igoma
Mwanza