YAH: Malalamiko kuhusu tangazo lenu la upasuaji wa moyo Mtwara

Chikongola, Mtwara
14 Aprili 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Mtwara.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mama mzazi wa binti wa miaka 17 aliyehudhuria hospitalini kwenu kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mapema Januari. Namba ya faili lake ipo kwenye risiti nilizoambatisha. Nalalamikia tangazo lenu mlilobandika stendi, lile lenye picha ya moyo mwekundu na mikono iliyovaa glovu, linalosema kwa herufi kubwa: "Upasuaji wa moyo sasa ni hapa hapa Mtwara." Lilitupotezea wiki sita, na juzi nimepita stendi nimelikuta bado lipo.

Binti yangu ana ugonjwa wa mlango wa moyo. Utotoni alisumbuliwa sana na mafindofindo, nasi tulikuwa tukimsukutulisha maji ya chumvi tu, basi. Hatukujua kwamba maambukizi ya koo yasipotibiwa kwa dawa kamili yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaacha makovu kwenye milango ya moyo. Mwaka jana akaanza kuhema akitoka bombani na ndoo. Anaitua njiani mara mbili, mara tatu, kwa mwendo ambao mdogo wake anaumaliza akikimbia. Kufika Oktoba alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na mito miwili na kanga nilizomkunjia ubavuni. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki.

Daktari wa serikali alimpima eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, akasema mlango wa upande wa kushoto umekakamaa na kuwa mwembamba, akatuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kaka yangu, mjomba wa mtoto, alikuwa ameshalipwa korosho zake, na fedha ya safari aliitenga. Kwetu mjomba akisema, amesema. Lakini mimi nilimbishia. Nilimwonyesha picha ya tangazo lenu kwenye simu, nikamwambia, "Kaka, kwa nini tumpakie mtoto huyu kwenye basi kilometa zaidi ya 500 wakati wanapasua hapa hapa?" Tena barabara ile tunaijua. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga, watu wakakwama. Kaka akanikubalia. Uamuzi wa ukoo mzima niliugeuza mimi kwa mstari mmoja wa tangazo lenu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mapokezi walitupokea vizuri, sina neno nao. Tulilipia kumuona daktari, eko upya, kipimo cha umeme wa moyo, kisha dirishani tukaambiwa tuweke shilingi 600,000 "kushika nafasi ya upasuaji". Tukaweka. Tukapewa tarehe 9 Desemba. Ikaahirishwa, bingwa hajafika. Tukapewa tarehe 20, nayo ikapita. Baada ya mwaka mpya nikawa napiga simu kila siku, jibu ni "mama, subiri utapigiwa". Tarehe 8 Januari daktari mmoja kijana, ambaye namshukuru kwa kusema kweli, alinivuta kando akaniambia upasuaji wa kufungua moyo haufanyiki hapo na haujawahi kufanyika. Bingwa akija anaona wagonjwa kliniki na kuwaandikia rufaa. Rufaa ambayo sisi tuliingia nayo mkononi tangu Novemba!

Kesho yake tulisafiri. Alifika Dar mapafu yamejaa maji, akalazwa siku kumi na mbili kwanza akitolewa maji kabla ya upasuaji. Niliwahi kusikia kwamba mlango unaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Kwake ilishindikana, mlango ulishaota chokaa na unavuja. Sisemi chokaa ile ni ya wiki zenu sita, najua ugonjwa huu ni wa miaka. Lakini zile usiku alizokesha ameketi akingojea foleni isiyokuwepo, hizo ni zenu.

Huko ndiko nilikojua upasuaji huu ni kitu gani. Moyo unasimamishwa, na mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu, ikiwa na mtaalamu wake asiyetoka hapo mpaka wamalize, mbali na wapasuaji na mtu wa usingizi. Kuna damu ya akiba, kuna chumba cha wagonjwa mahututi chenye wauguzi usiku na mchana. Hivyo ndivyo mlivyotuambia mnavyo.

Binti yangu amewekewa mlango wa bandia, ule wanaouita wa chuma. Usiku nyumba ikitulia nausikia kutoka kitandani kwake, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi. Atakunywa warfarin maisha yake yote ili damu isigande kwenye mlango huo, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Yake inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka anaweza kupata kiharusi, ikipanda anaweza kuvuja damu. Hata kisamvu, kwa kuwa kinaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo, inabidi ale kwa kiasi kilekile kila wiki. Sasa, kipeperushi chenu kinasema mnatoa "huduma kamili baada ya upasuaji". Machi nimekuja mara mbili kupima INR, na mara zote mbili nimeambiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimeisha.

Naomba mlibandue tangazo lile, na mahali pake muandike mnachofanya kweli: kliniki ya moyo, eko, rufaa. Watu wa Newala na Tandahimba watazifuata huduma hizo bila kudanganywa. Mnirudishie 600,000, maana ni jasho la kaka yangu. Kipimo cha INR ama mkiweke kisikatike, ama mkifute kwenye kipeperushi. Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Na kuna jambo moja lisilosubiri siku 14. Desemba, kwenye benchi la kliniki yenu, nilikaa na mama mmoja kutoka Kitangari, amempakata mtoto wa miaka kama sita, midomo na kucha vimekuwa vya bluu. Naye alishika risiti ya kushika nafasi kama yangu. Mimi sina namba yake ya simu. Ninyi mnayo. Mpigieni leo.

Mama mzazi wa mgonjwa
(jina na simu vimo kwenye faili)

Viambatisho: nakala za risiti, nakala ya rufaa, picha ya tangazo la stendi.