Masaa ya kwenye tiketi yamemchanganya mama yangu

Mhariri, naomba nafasi nitoe dukuduku langu, limenikaa rohoni tangu Januari.

Mama yangu ana miaka 68 na ana sukari. Mwezi uliopita alienda New York kumwona mjukuu, dada yangu amejifungua huko, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Tiketi imeandikwa kuondoka 23:25 na kufika 06:25, mama akahesabu kwa vidole, saa tano na nusu hivi usiku mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasema ni masaa saba, kumbe si mbali. Tukamuuliza ejenti aliyetukatia tiketi naye akajibu eeh mama, ni usiku mmoja tu, utalala uamke umefika. Basi akajipanga kama anapanda basi la usiku la Mombasa, dawa zote akatia kwa sanduku kubwa, akisema ya asubuhi nitameza nikifika kwa binti yangu.

Ile safari ni masaa 15.

Anasema saa yake ya mkononi ilifika saa moja asubuhi, muda wa dawa, akainua kidirisha aone kama kumekucha, nje giza tupu. Saa tatu akainua tena, giza. Ndege ilikuwa inaelekea magharibi kule usiku unakoelekea, jua liko nyuma yao, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza hilo. Wanatua ni saa nane na nusu mchana kwa saa ya Nairobi, halafu bado foleni ya uhamiaji, bado kungoja mizigo. Dada alimpokea mdomo umekauka na kichwa kinamzunguka.

Saa zinazoandikwa kwa tiketi ni za kila mji wenyewe, na sisi tuko mbele ya New York kwa masaa 8 wakati wao wako kwa baridi, kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba wakisogeza saa zao inakuwa 7. Ukitoa tu bila kuongeza hayo 8 umepotea. Na hata kwa kilomita ungejua, Nairobi mpaka New York ni kama 11,800 na hizi ndege kubwa zinaenda kama 900 kwa saa, sasa masaa saba hata London hujafika vizuri. Ya kurudi inachanganya zaidi, inatoka 12:25 mchana inafika 10:55 asubuhi ya kesho yake, ukihesabu unapata masaa 22 na nusu na kumbe ukiondoa yale 8 ni 14 na nusu, ni fupi kuliko ya kwenda sababu huko juu upepo unavuma kutoka magharibi unaisukuma ndege.

Kenya Airways walianza safari hii Oktoba 2018 na wazee wengi wanaenda kulea wajukuu. Ejenti akishatoa tiketi achukue kalamu aandike pale juu, MASAA 15 HEWANI, ni dakika moja tu. Na nyinyi magazeti mkiandika habari za ndege mpya msiishie kwa saa ya kuondoka na ya kufika.

Mama anarudi mwisho wa Februari. Dada ameshamnunulia kiboksi cha dawa cha kukaa kwa mkoba, kila dozi ameibandikia saa ya Nairobi, na tumemwambia ile saa ya mkononi asiiguse.

Msomaji wenu,
Nakuru