Mwache Hapo Chini ya Meza: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Dakika nne, na ndani yake umesema "hanipendi" mara sita. Nilicheka kidogo, unisamehe. Mbwa ana siku tano tu kwako. Amejibanza chini ya meza ya jikoni, mgongo ukutani, anakula usiku mkishalala, na ukiinama kumchungulia anageuza uso. Wewe umeiona chuki. Mimi nimelea mbwa saba wa namna hiyo, kila mmoja akisubiri wa kumchukua moja kwa moja, na nakuandikia hadharani kwa sababu swali lako naulizwa na wengi.

Mwache hapo chini ya meza. Usiivute meza, usimburute, usimpelekee mkono. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wako siku ya tatu bado hajajua amefika wapi. Watu wa kuokoa mbwa wana kipimo chao: siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 ndipo umwone alivyo kweli. Ni makadirio tu, na kwa mwoga namba hizo huvutika. Kwa hiyo ukiniambia siku ya tano kwamba umeshindwa, nami nitakuuliza: umeshindwa mtihani gani, na nani aliyekuletea karatasi?

Kugeuza uso si dharau. Kwa lugha ya mbwa ni kusema "sitaki ugomvi". Mtazame vizuri, ila kwa pembe ya jicho. Utamwona anapiga miayo na hana usingizi, analamba midomo na hakuna chakula, weupe wa jicho unatokeza pembeni, uzito wote ameuegemeza miguu ya nyuma tayari kukimbia. Ukimpa nyama akaikataa ilhali ana njaa, jua umemsogelea mno. Hofu imemfunga tumbo. Rudi nyuma hatua mbili, ujaribu tena. Akinguruma, usimkaripie hata siku moja. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma hajaacha kuogopa, umemzimia king'ora tu, na siku nyingine atauma bila taarifa.

Majirani watakuambia aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kwa hiyo huyu lazima alipigwa sana. Huenda. Lakini wapo waoga ambao hawakuwahi kupigwa na yeyote. Walikosa tu kuzoeshwa. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza kwamba watu, ngazi, redio, miavuli na watoto ni mambo ya kawaida. Aliyekipitisha kipindi hicho uani peke yake hubaki akiiona dunia yote ngeni. Nakuambia hili ili usipoteze muda kumtafuta mkosaji wa zamani. Huruma ikizidi nayo inakufanya umkodolee macho, na macho ya kukodolewa ndiyo hayataki.

Sasa kazi yenyewe. Kaa sakafuni, ubavu umeelekea kwake, na bakuli la vipande vya kuku vidogo kama punje za mahindi. Kipande usikirushe katikati yenu. Kirushe nyuma yake, au pembeni kabisa. Najua unashangaa. Ukimshawishi kwa chakula cha mkononi, njaa itamvuta mpaka kwako, atakinyakua, kisha atagundua amesimama mbele ya kitu anachokiogopa. Hapo ndipo watu wanapong'atwa. Ukirusha mbali nawe, anapata kuku na nafasi ya kupumua kwa pamoja, halafu anarudi mwenyewe kuona kama kuna kingine. Kurudi huko ndiko unakokutaka, kwa sababu hukumwita.

Yule wa pili niliyemlea, nilimwita Kivuli, alinichukua siku 19. Nilikuwa nimekaa hivyo hivyo, nasoma, hata nimesahau kurusha. Nikahisi pumzi ya moto kwenye kiwiko. Halafu ncha ya pua, baridi, ikagusa mkono wa sweta na kuondoka. Sikugeuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na nilitaka kupiga chafya, mdogo wangu, nikaimeza.

Akianza kukubali kuguswa, mguse kifuani au begani, kamwe usianzie juu ya kichwa. Hesabu mpaka tatu, ondoa mkono, subiri. Akisogea, endelea. Akibaki kama gogo, amekuvumilia tu, na kuvumilia si kukubali.

Utasikia pia kwamba ukimbembeleza anapoogopa utamzoesha uoga. Usiwasikilize. Hofu haifanywi kwa ajili ya malipo. Radi ikipiga na yeye akaja kujibana kwako, mkumbatie. Akienda chini ya meza, mwache na meza yake.

Kwa vitu vinavyomtisha, mpangilio ndio kila kitu. Kitu kwanza, nyama baadaye: kengele ya mlango inalia, kisha kuku anaanguka. Ukitanguliza kuku, baada ya siku chache kuku mwenyewe atakuwa tangazo la balaa, na utabaki na mbwa anayekimbia bakuli. Na usipange mambo matatu kwa siku moja. Hofu hujumlishana, akitoka kwa daktari wa wanyama, mpe siku moja au mbili za utulivu kabisa. Hapo hapo kwa daktari, baada ya chanjo na dawa za minyoo, omba akaguliwe meno, masikio na viungo, maana uoga mwingine ni maumivu. Akisema anahitaji dawa ya kumtuliza kwa muda, usione aibu. Anayetetemeka kutwa hawezi kujifunza lolote.

Nje, mfunge kamba mbili, moja kwenye mkanda wa kifuani na nyingine kwenye ukanda wa shingoni, na usimwamini kabisa miezi ya mwanzo. Mwoga hachomoki kwa kwenda mbele, huchomoka kinyumenyume. Akitoroka usimkimbize, kaa chini, mpe ubavu.

Haya yote ungeyasoma popote. Nililotaka hasa kukuambia ni kosa langu.

Kivuli baada ya miezi miwili alikuwa ananifuata mpaka mlango wa choo. Nilijisikia mtu wa maana. Nyumba nzima alikuwa ananikubali mimi peke yangu, na badala ya kuona hatari, nikajipongeza. Ikaja familia nzuri, mtu na mkewe, wapole, wavumilivu. Walikuja mara moja, wakampenda, wakaondoka naye. Siku ya nne wakanipigia simu: amejificha nyuma ya kabati, hajala, na amemrukia mume kwa meno alipojaribu kumtoa. Akarudishwa. Watu walisema mbwa ndiye aliyeshindwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba duniani kuna binadamu mmoja tu.

Kwa hiyo wewe anza mapema. Wiki ya tatu, mradi awe anakujia, bakuli alishike Shemeji, sauti yake nzito na yote. Mtoto akitaka kusaidia, akae mbali asome kitabu chake kwa sauti, bila kumtazama mbwa. Walete marafiki mmoja mmoja: mwenye ndevu, mwenye kofia, anayetembea kwa fimbo. Wote wafuate sheria ile ile ya sakafu na ubavu. Mzoeshe kubaki peke yake dakika moja, tano, kumi. Kama kuna rafiki mwenye mbwa mtulivu asiyebabaika, mwazime jioni moja. Mwoga hujifunza haraka kwa mbwa mwenzake kuliko kwetu.

Tangazo lake usiandike "mpole, anahitaji upendo tu". Upendo tu ndio uliomrudisha Kivuli. Andika: haguswi kichwani na mgeni, anaogopa ufagio, hula vizuri asipotazamwa, usiku hulala fofofo. Picha ipige ukiwa umekaa chini, usawa wa macho yake, bila mwanga wa kumulika. Na wanaokuja kumwona usiwaulize kama wanapenda mbwa. Waulize watafanya nini asipowaruhusu kumgusa mwezi mzima. Mwenye kunyamaza na kufikiri namkaribisha tena. Mwenye kusema "mimi mbwa wote hunipenda" namshukuru kwa kuja.

Safari ya pili, Kivuli alitembelewa na mwanamke mmoja mara nne kabla hajaondoka naye. Aliacha kwangu shuka lake kuukuu, Kivuli akalilalia wiki nzima. Alipomchukua, alichukua na tandiko lake bila kulifua, chakula kile kile, na karatasi yenye maneno ninayotumia kumwita na kumtuliza. Wiki ya sita akanitumia picha: Kivuli chali kwenye zulia, miguu juu, hana habari.

Umeniuliza kama ukimpenda sana unaweza kumbakisha. Unaweza, ila nafasi yako ya kulea mwingine itakuwa imejaa. Usiamue wiki hii.

Nitakuja Jumamosi saa kumi. Nikigonga, mrushie kuku. Usinitambulishe kwake, usiseme "mwone mama mkubwa". Nitaingia nitakaa chini kando ya friji, nimwelekezee ubavu, na tutapiga soga zetu kana kwamba hayupo. Mwambie Shemeji asishangae, nitavaa suruali ya zamani.

Dada yako