Nyumba inawabana saa ngapi?

Mteja akija ofisini kwetu kutafuta nyumba kubwa zaidi, swali letu la kwanza halihusu bajeti. Tunamuuliza: hiyo mnayokaa inawabana saa ngapi?

Jibu lake hufungua mengi. Kama ni asubuhi tu, watu watano wakisubiriana mlangoni pa bafu, kinachokosekana ni bafu la pili, na huenda fundi akaliongeza hapo hapo. Kama ni jioni, mmoja anafanya kazi mezani huku mtoto anasoma na mwingine anawasha televisheni, pengine ukuta mmoja wenye mlango utatosha. Stoo iliyofurika hadi vitu vikahamia chini ya vitanda ni kazi ya wikiendi mbili. Lakini kama inawabana mchana na usiku, mtoto wa tatu yuko njiani au mzazi anakuja kuishi nanyi moja kwa moja, hapo tukae tuzungumze habari ya kuhama.

Tazameni na miaka pia. Kijana wa miaka 15 anayelilia chumba chake leo, baada ya miaka minne huenda ameshaondoka nyumbani, na mkopo ndio kwanza mbichi.

Mkopo wenyewe tunauchambua mbele ya mteja kwa kalamu na karatasi. Ukikopa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, kila 100 uliyokopa utairudisha kama 232. Rejesho la mwezi wa kwanza, zaidi ya asilimia 85 yake ni riba. Deni lenyewe limepungua kidogo sana. Juu ya hapo kuna ada za wakili, kodi, gari la kuhamisha vyombo, mapazia ya madirisha yaliyoongezeka, na bili ya umeme ambayo haitarudi ilikokuwa.

Kwa hiyo tunawaomba wateja wafanye jaribio moja. Chukua tofauti kati ya unacholipa sasa na utakachokuwa unalipa, pamoja na nyongeza ya bili, uiweke akiba kila mwezi kwa miezi sita bila kuigusa. Mwezi wa tatu ukianza kuichota, umeshapata jibu, na hujasaini popote. Ukifika wa sita salama, una nyongeza ya malipo ya awali mkononi. Sisi hulipwa mtu anaponunua, na bado tumewashauri wateja kadhaa wabaki walipo baada ya jaribio hilo.

Wengi husubiri bei zipande ndipo wauze. Anayehamia kubwa zaidi apige hesabu upya. Tuseme nyumba yako ina thamani ya 100 na unayoitaka ni 160: unapaswa kuongeza 60. Soko likishuka kwa asilimia 10 kote, yako inakuwa 90 na ile 144, unaongeza 54. Ukiwa na kazi ya uhakika na deni dogo, soko lililopoa linakufaa wewe.

Uza kwanza, au walau mnunuzi wako awe ameshatoa malipo ya awali, hata ikibidi mkae nyumba ya kupanga kwa miezi michache. Kubeba marejesho ya nyumba mbili kumezichosha familia nyingi tulizozihudumia.

Ukija kutuona, njoo na taarifa ya salio la mkopo wako, bili za miezi mitatu na mwenzi wako. Wote wawili, tafadhali.