Tusingoje mheshimiwa ili tuhudumie

Mhariri,

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, wengi tulishangilia. Ila kukataa hakutoshi. Waumini tumezoea kumwachia mwanasiasa amalizie paa la kanisa, kisha tunarudi nyumbani kula chakula cha Jumapili na kumpita jirani mgonjwa mlangoni pake.

Mtazameni Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyefundisha hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kijijini Pwani, Kaunti ya Nakuru. Asilimia 80 ya mshahara wake aliitoa kwa wahitaji. Shule yenyewe ilikuwa na kompyuta moja tu, na karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa mayatima au wanaolelewa na mzazi mmoja. Mwaka wa 2019 aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani ndipo wengi wetu tulipolisikia jina lake. Kazi yenyewe alikuwa akiifanya siku zote.

Sisemi kila mtu atoe kiasi hicho, na mwenye watoto asithubutu! Lakini jumuiya ndogondogo zinaweza kuorodhesha wazee wa mtaani wanaoishi peke yao, zikakubaliana nani atampikia nani Jumanne, nani atamsindikiza mgonjwa zahanati, na nauli itatoka kwa nani. Mazungumzo hayo yaanze Jumapili hii, mara baada ya misa.

Muumini,
Nakuru